Kununua Pikipiki Iliyotumika kwa Ajili ya Safari Ndefu

Pikipiki inayomfikisha mtu Kariakoo kila asubuhi bila tabu yaweza kushindwa kumfikisha Dodoma. Mjini kasoro ndogo huvumilika: mwendo ni wa chini, safari ni fupi, na fundi yupo karibu kila kona. Katika barabara kuu kasoro hiyo hiyo hubebwa kwa saa sita au nane, pamoja na mzigo, jua na upepo wa mabasi yanayopita kwa kasi. Cheni iliyochakaa, ambayo kati ya Msimbazi na Posta ilikuwa kelele tu, ikikatika mbele ya lori mteremkoni huwa ni jambo la uhai.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya mlaji anayetaka kununua pikipiki iliyokwisha kutumika ili asafiri nayo mbali: mtumishi anayehamishiwa mkoani, mfanyabiashara anayefuata mazao Kilombero au Mbeya, kijana anayependa kuiona nchi, au mtu anayekusudia kwenda nyumbani Kilimanjaro mwezi Desemba bila kugombea tiketi ya basi. Tumewalenga hasa wanunuzi wa katikati ya Dar es Salaam, ambako kati ya ofisi za Kivukoni na maduka ya Kariakoo pikipiki huuzwa na kununuliwa kila siku, mara nyingi kwa maneno ya mdomo na fedha taslimu. Rai yetu kwao ni kwamba ukubwa wa injini na mng'ao wa rangi visiwatangulie machoni. Mambo mawili yanayopaswa kutangulia ni historia inayoweza kuthibitishwa na vipuri vinavyoweza kupatikana.

Safari kwanza, pikipiki baadaye

Kabla ya kumwendea muuzaji yeyote, amua unakwenda wapi, mara ngapi kwa mwaka, pamoja na nani, na kwa mzigo gani. Kutoka Dar es Salaam, Chalinze ni kilomita 100 hivi, Morogoro karibu 190, Dodoma karibu 450, Iringa karibu 500, Arusha zaidi ya 600, na Mbeya zaidi ya 800. Lakini umbali peke yake hautoshi kuamua. Barabara ya Iringa hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, na hapo si mahali pa kusimama ubadilishe mpira wa ndani. Mbele yake kuna mlima wa Kitonga, wenye kona kali na malori yanayopanda kwa kujivuta. Barabara ya Kusini, kupitia Kibiti kwenda Lindi na Mtwara, ina sehemu ndefu zenye makazi machache, kwa hiyo ukubwa wa tangi la mafuta una uzito wake katika uamuzi.

Pikipiki za cc 125 na 150, kama vile Bajaj Boxer na TVS HLX, ndizo zinazoonekana zaidi barabarani kwetu. Kwa mpandaji mmoja na mzigo mdogo huweza kufika mkoa wowote, na watu husafiri nazo kila siku. Mwendo unaozifaa ni wa kilomita 60 hadi 70 kwa saa. Udhaifu wake hujitokeza kwenye kupanda mlima na kwenye kulipita gari jingine, kwa kuwa nguvu ya akiba ni ndogo na mpandaji hulazimika kukaa muda mrefu ubavuni mwa lori. Zile za cc 200 hadi 250, hasa zenye umbo la kupita njia mbovu, zina akiba hiyo na bado ni nyepesi kiasi cha mtu mmoja kuiinua ikianguka.

Juu yake ziko pikipiki kubwa zilizoundwa mahsusi kwa safari, kama Honda Africa Twin, Yamaha Ténéré na BMW za mfululizo wa GS. Kiti chake hakichoshi upesi, breki zina nguvu, na upepo wa basi hauzitikisi sana. Lakini nyingi zina uzito wa kilo 200 au zaidi, na uzito huo katika tope la masika ni mtihani. Vipuri vyake vingi huagizwa nje ya nchi, na tairi za saizi yake hazipatikani katika maduka ya kawaida. Tena tukumbuke kwamba barabara zetu kuu zimepita katikati ya vijiji na miji midogo, ambamo mwisho wa mwendo ni kilomita 50 kwa saa. Pikipiki inayoweza kukimbia 180 na ile ya cc 150 zitasubiriana mara nyingi kwenye vibao hivyo. Tunajua kwamba maoni haya hayatawafurahisha wapenzi wa pikipiki kubwa. Hata hivyo, kwa mlaji anayesafiri mbali mara nne au tano kwa mwaka na siku nyingine zote anakwenda kazini, pikipiki ya silinda moja ya cc 150 hadi 250, iliyotunzwa, humtosha.

Leseni nayo iangaliwe mapema. Daraja A1 ni la pikipiki ndogo zisizozidi cc 125, na inayozidi hapo huhitaji daraja A. Wapo wanaoendesha Boxer ya cc 150 kwa leseni ya A1 bila kujua kwamba wamevuka mpaka, na hulijua hilo siku ya ajali, wanapowasilisha madai ya bima.

Inatoka wapi

Uliza pikipiki ilikuwa inafanya kazi gani, kwa kuwa jibu hilo hueleza hali yake kuliko mwaka wa kutengenezwa. Kwa sehemu kubwa, zinazouzwa mitaani zilikuwa bodaboda. Pikipiki ya bodaboda hutembea kutwa nzima, hubeba abiria wawili au watatu kwa mtindo wa mishikaki, na mara nyingi huendeshwa na mtu aliyekuwa akiwania hesabu ya siku. Si kwamba kila bodaboda ni mbovu. Dereva anayeimiliki mwenyewe huitunza vizuri, na injini inayotembea kila siku kwa oili safi huweza kuwa na afya kuliko iliyolala uani kwa miaka mitatu. Lakini fremu, beringi na shokapu zake zimebeba mzigo ambao havikuundwa kuubeba, na hizo ndizo sehemu ambazo safari ndefu huzitegemea.

Pikipiki za ofisi, za miradi na za maofisa ugani, kama Yamaha DT 125 na Honda XL 125, huuzwa kwa mnada. Sifa yake ni kwamba umiliki wake hujulikana, na pengine kuna daftari la matengenezo. Kasoro yake ni kwamba mnadani huruhusiwi kuijaribu barabarani, na huuzwa kama ilivyo, mahali ilipo. Fika siku ya ukaguzi inayotajwa katika tangazo, ukiwa na fundi, na usingoje siku ya mnada wenyewe.

Ziko pia zilizoletwa kutoka nje zikiwa zimetumika, hasa Japani. Hizi mara nyingi huwa zimetembea katika barabara nzuri, lakini mnunuzi ahakikishe kwamba nyaraka za forodha zimekamilika na kodi imelipwa. Tahadhari hiyo hiyo, tena kwa mkazo, inahusu pikipiki yenye namba za nchi nyingine. Wasafiri wa kigeni huzunguka Afrika kwa pikipiki kubwa, na baadhi yao hufika Dar es Salaam wakiwa wamechoka na safari, wakataka kuziuza kwa bei ya chini. Pikipiki ya namna hiyo kwa kawaida imeingia nchini kwa kibali cha muda, kwa masharti kwamba itatoka. Haiwezi kuuzwa kihalali hapa kabla taratibu za forodha hazijakamilishwa na kodi haijalipwa, na mzigo huo ukihesabiwa, bei ile ya chini haibaki kuwa ya chini. Hata pikipiki yenye namba za Zanzibar ina taratibu zake za kuhamishiwa Tanzania Bara, nazo ziulizwe Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, kabla ya kulipa chochote.

Kadi kabla ya injini

Tunaitanguliza kadi kwa sababu hakuna fundi anayeweza kuitengeneza. Injini iliyochoka hufunguliwa, ringi zikabadilishwa, safari ikaendelea. Pikipiki ambayo si mali ya aliyekuuzia haina tiba.

Tuchukue mfano, ambao tumeutunga ili kueleza jambo. Karani wa ofisi moja ya Kivukoni ameonyeshwa na dalali Boxer nzuri, bei yake pungufu kwa laki tatu kuliko nyingine zote alizoziona Kariakoo. Muuzaji anasema kadi halisi ipo kwa bosi wake, ataileta wiki ijayo, na kwa sasa anatoa nakala. Wanaandikishana mauziano mbele ya mjumbe, fedha zinatolewa, watu wanapeana mikono. Baada ya miezi miwili karani yupo njiani kwenda Morogoro anasimamishwa na askari, na pikipiki inaonekana imeripotiwa kuibwa. Kumbe ilikuwa pikipiki ya mkataba: kijana aliyeiuza alikuwa bado analipa hesabu kwa mwenye mali, na malipo hayakuwa yamekwisha. Kijana amezima simu. Mwenye mali anachukua chombo chake, na karani anabaki na karatasi.

Katika mfano huu karani hakufanya uhalifu wowote, na kwa upande wa nia yake hana lawama. Lakini kanuni ya sheria ya mauziano ni kwamba mtu hawezi kumpa mwingine haki ya umiliki ambayo yeye mwenyewe hanayo. Karatasi iliyosainiwa na mashahidi kumi haiongezi kitu juu ya kanuni hiyo. Humpa karani haki ya kumdai yule kijana, kama atapatikana.

Kwa hiyo taka kuiona kadi halisi, na usikubali nakala wala picha ya simu. Linganisha jina lililo kwenye kadi na kitambulisho cha Taifa cha muuzaji. Kisha isome namba ya chesisi iliyogongwa kwenye shingo ya fremu, chini ya usukani, na namba ya injini iliyo ubavuni mwa injini, herufi moja moja, ukilinganisha na kadi. Safisha kwa kitambaa chenye petroli kidogo. Chuma kilichopigwa tupa, herufi zisizokaa mstari mmoja, au rangi mpya mahali hapo peke yake ni sababu ya kuondoka bila kuomba maelezo. Baada ya hapo thibitisha TRA kwamba aliye mbele yako ndiye mmiliki anayetambuliwa katika kumbukumbu zao. Tumia pia namba ya pikipiki kuangalia kama kuna faini za Jeshi la Polisi ambazo hazijalipwa, na kama stika ya bima ni halali katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Mambo haya mawili huangaliwa kwa simu ya mkononi, mkiwa bado mmesimama pale.

Anayeuza akiwa si mwenye jina, mwenye jina afike. Akishindwa, atoe hati ya uwakala iliyothibitishwa na wakili. Mwenye jina akiwa amefariki dunia, anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mjane au mtoto mkubwa wa marehemu, hata akiwa mwaminifu kiasi gani, hana uwezo huo mpaka ateuliwe.

Orodha ya Kariakoo

Wanunuzi wengi hutafuta vipuri baada ya kununua. Sisi tunashauri kinyume chake. Ukishaipenda aina fulani ya pikipiki, andika katika karatasi vitu hivi: sahani za klachi, waya wa klachi, cheni na sproketi zake mbili, pedi au viatu vya breki, kichujio cha hewa, beringi za magurudumu, plagi, mpira wa ndani na tairi. Kisha pita nayo katika maduka ya vipuri vya pikipiki ya Kariakoo na Gerezani kwa nusu siku, ukiuliza bei na kama kitu kipo dukani leo.

Utakachojifunza katika nusu siku hiyo hakuna muuzaji atakayekueleza. Kwa Boxer au TVS orodha yote itajazwa kabla ya adhuhuri, na vitu vingi utavikuta pia Morogoro, Iringa na hata katika miji midogo ya njiani. Kwa pikipiki ya Kijapani iliyotumika, pengine nusu ya orodha itapatikana, na kwa nusu iliyobaki utaambiwa "tutakutafutia". Neno hilo lichukue kama jibu kamili. Kama sahani za klachi zinatafutwa Kariakoo, usitarajie kuzikuta Makambako. Hilo halimaanishi kwamba pikipiki hiyo ni mbaya. Maana yake ni kwamba atakayeimiliki lazima aagize akiba yake mapema na asafiri nayo, na gharama hiyo iingie katika hesabu ya bei.

Utakapoulizia utaonyeshwa kitu kimoja kwa bei tatu. Baadhi ya tofauti hiyo ni ya watengenezaji, na baadhi ni ya bandia zilizovikwa maboksi ya majina makubwa. Pedi ya breki au cheni bandia haifai hata kwa mjini, sembuse kwa mteremko wa Kitonga. Angalia uchapaji wa boksi, uzito wa kitu chenyewe, na utayari wa mwenye duka kutoa risiti ya EFD yenye jina la kipuri. Bidhaa bandia ni kosa chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa, ambayo husimamiwa na Tume ya Ushindani, FCC, na mlaji aliyeuziwa anaweza kupeleka taarifa huko akiwa na risiti na kipuri chenyewe.

Kuikagua ikiwa imesimama

Mtafute fundi asiyemjua muuzaji, umlipe wewe, na mkubaliane mapema kwamba hatapokea chochote kutoka upande wa pili. Mwombe muuzaji asiiwashe pikipiki kabla hamjafika. Mkifika, gusa injini. Ikiwa ya moto, huenda ilikuwa na tabu ya kuwaka ikiwa baridi, na mwenyewe hakutaka muione.

Inapowaka, tazama moshi. Wa bluu unaoendelea humaanisha oili inaungua, kwa sababu ringi au sili za valvu zimechoka. Mweusi ni petroli kuzidi hewa, na mara nyingi chanzo ni kichujio kilichoziba au kabureta, jambo dogo. Mvuke mweupe wa dakika za kwanza asubuhi si neno. Usipokoma, kwa injini inayopozwa kwa maji, gasketi ya kichwa inashukiwa. Injini za aina ya Yamaha DT, ambazo huunguza oili pamoja na petroli, hutoa moshi wa bluu kwa maumbile yake, kwa hiyo hizo zihukumiwe kwa nguvu na sauti. Chovya pia kijiti cha kupimia oili: ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia, ikiwa na vumeta vya chuma, kuna kitu kinasagika ndani.

Fremu ya iliyokuwa bodaboda ikaguliwe chini ya kiti na pale shokapu za nyuma zinaposhikwa, kwa kuwa uzito wa mishikaki huishia hapo. Tafuta kiraka cha kuchomelea na rangi mpya iliyofunika kitu. Kisha simama nyuma, mtu mwingine ashike usukani ulionyooka, utazame kama magurudumu mawili yako katika mstari mmoja. Yasipokuwa, pikipiki imeanguka vibaya, na katika mwendo mrefu itakuwa inavuta upande mmoja muda wote.

Isimamishwe kwa stendi ya kati, gurudumu la mbele liinuliwe, usukani ugeuzwe polepole. Ukikwama kidogo unapofika katikati, beringi za shingo zimekula. Tingisha kila gurudumu kwa upande ili kuhisi beringi zake. Angalia mafuta kwenye miguu ya shokapu za mbele. Gonga spoki moja moja kwa spana: iliyolegea hutoa sauti butu. Vuta cheni kwa nyuma ya sproketi kubwa. Ikijitenga na meno, au meno yakiwa yamechongoka, seti nzima imekwisha, na kubadilisha cheni peke yake ni kupoteza fedha. Kwenye tairi tafuta tarakimu nne ndani ya duara refu: 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi yenye kashata nzuri lakini ya miaka mingi huwa ngumu, na hupasuka kwa joto la lami.

Jambo moja ambalo wanunuzi hulisahau ni umeme. Kwa kipimo cha fundi, betri nzuri ya volti 12 husoma karibu 12.6 injini ikiwa imezimwa, na injini ikipewa moto inapaswa kupanda hadi kati ya 13.5 na 14.5. Isipopanda, mfumo wa kuchaji haufanyi kazi. Kwa safari za mjini hutagundua kwa muda mrefu. Kwa safari ya Dodoma, ukichelewa kwa pancha moja, jua hukutwa limezama nawe huna taa.

Mita ya kilomita tusiitegemee, kwa kuwa kebo yake hukatwa kirahisi. Mpira wa kukanyagia, kanyagio la breki na mishikio ya usukani husema kweli zaidi. Mita inayosoma kilomita 9,000 juu ya kanyagio lililosagika hadi kung'aa imedanganya, au imesaidiwa kudanganya.

Kuijaribu njiani

Kwa mnunuzi wa katikati ya jiji tunapendekeza mzunguko huu. Kwanza hakikisha bima ni hai na muuzaji ameafiki, na yeye akifuata kwa chombo kingine ni vizuri zaidi. Anzia Kariakoo wakati wa foleni, uelekee Kivukoni. Hapo utaipima klachi kwa mwendo wa kusimama na kuondoka, na utaona kama injini ikipata moto huanza kuzimika. Kisha panda kivuko cha Magogoni kwenda Kigamboni. Dakika za kusubiri na kuvuka ni sehemu ya jaribio: injini iliyozimwa ikiwa ya moto inapaswa kuwaka tena kwa mkono mmoja mkishuka ng'ambo, na sakafu chini yake isiwe na tone la oili.

Upande wa Kigamboni shika njia ya Kibada kuelekea Kimbiji, ambako pana nafasi ya kukimbia kwa mwendo wa safari kwa nusu saa. Sikiliza mtetemeko kwenye usukani na miguuni. Mtetemeko ambao kwa dakika tano ni wa kuchekesha, kwa saa nne huua ganzi vidole. Jaribu breki zote mbili mahali palipo wazi. Angalia pia mwili wako: kama mgongo au mabega yameanza kuuma kwa nusu saa, pikipiki hiyo si ya kimo chako, hata iwe nzima namna gani. Usisahau kumpakia utakayesafiri naye, kama yupo. Kumbukumbu ya mlimani Kitonga itaanzia hapo.

Bei, malipo na haki zako

Bei ya kweli ni ile uliyotajiwa ukiongeza kila kitu ambacho fundi amesema kibadilishwe, pamoja na ada za kuhamisha umiliki. Pikipiki iliyo nafuu kwa laki mbili ikidai tairi mbili, seti ya cheni na siku moja ya fundi, unafuu ule huisha kabla ya Kibaha.

Mkataba wa mauziano uandikwe mbele ya wakili, utaje namba ya usajili, ya chesisi na ya injini, bei, na kasoro zinazojulikana. Kila alilokuahidi muuzaji kwa mdomo, kwamba haijawahi kupata ajali au haijawahi kuwa bodaboda, liandikwe humo. Lipa kwa benki au kwa simu, ili pabaki kumbukumbu, na sehemu ya fedha ibaki mkononi mwako mpaka maombi ya kuhamisha umiliki yawasilishwe TRA kwa namba za mlipakodi za pande zote mbili. Ada zilipwe kwa kumbukumbu namba ya malipo ya Serikali, kamwe si kwa mkono wa mtu anayejitolea "kukusaidia". Usidhani kwamba bima ya muuzaji imekufuata. Wasiliana na kampuni ya bima siku hiyo hiyo.

Haki zako hutofautiana kwa kutegemea umenunua kwa nani. Chini ya Sheria ya Mauziano ya Bidhaa, Sura ya 214, kila muuzaji, awe mfanyabiashara au jirani yako, anachukuliwa kuwa ameahidi kwamba ana haki ya kuuza. Lakini sharti la kwamba bidhaa iwe ya ubora unaouzika humbana yule ambaye biashara yake ni kuuza bidhaa za namna hiyo, na halihusu kasoro ambazo mnunuzi aliyeikagua alipaswa kuziona. Ndiyo maana jirani aliyekuuzia pikipiki yenye klachi iliyochoka huwezi kumrudishia kwa urahisi, hali mwenye yadi aliyeficha fremu iliyokatika anaweza kubanwa. Aidha Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kutoa maelezo ya uongo kuhusu ubora wa bidhaa, historia yake au matumizi yake ya awali. Ukidanganywa hivyo, anza kwa kumwandikia muuzaji, tunza nakala, na asipokujibu peleka malalamiko FCC ukiwa na mkataba, risiti na maelezo ya fundi.

Kabla ya safari ya kwanza

Usiondoke nayo kwenda mbali wiki ile ile uliyoinunua. Badilisha oili na kichujio, weka waya mpya wa klachi na wa zamani uubebe kama akiba, funga kila nati upya. Kisha, asubuhi ya Jumapili, jaza tangi mpaka juu, nenda Chalinze urudi, na ujaze tena katika kituo kile kile. Lita ulizoongeza, ukizigawa katika kilomita ulizokwenda, zitakueleza tangi lako linafika wapi kwenye barabara ya Kusini. Pima oili kabla ya kuondoka na baada ya injini kupoa. Ikiwa imepungua kwa kiasi kinachoonekana katika kilomita 200 hizo, ahirisha Dodoma na umrudie fundi.